Kodi ya miezi sita ukiipokea leo, siyo yako yote leo

Leo tunatoka dukani kidogo, ila hatuendi mbali. Najua wengi wenu duka likishasimama, wazo linalofuata ni lile lile: nitoe hela kidogo kidogo, nipandishe vyumba vinne vya kupanga, nikae nile kodi. Wapo ambao wako kwenye msingi, wapo ambao wapangaji wameshaingia. Wote somo hili linawahusu, kwa sababu wote mtakutana na ile hela ya miezi sita.

Tuchukue chumba master maeneo ya pembeni ya Dar, Chanika au Chamazi huko, tuseme 80,000 kwa mwezi. Ni mfano tu, wewe weka namba ya mtaani kwako. Siku mpangaji anaingia anakukabidhi 480,000. Vyumba vinne vikijaa ndani ya wiki moja una 1,920,000 mkononi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mfanyabiashara akishika milioni moja na laki tisa haoni kodi, anaona mzigo. Kesho yake yuko Kariakoo.

Sasa jiulize, siku ile umechuma shilingi ngapi? Mpangaji hajalala hata usiku mmoja. Ni sawa na mteja aliyekulipa magunia sita ya mchele ukawa hujampa hata moja. Hela unayo, lakini unadaiwa magunia. Mwezi wa kwanza ukiisha, 80,000 imekuwa yako kweli. Mwezi wa pili ukiisha, nyingine. Zile zilizobaki bado ni deni, hata kama ziko kwenye simu yako na hakuna anayekugongea mlango.

Deni hilo linakuja kudaiwa hivi. Mwezi wa tatu choo kinajaa. Gari la majitaka halisubiri uuze kwanza, na wapangaji wanne hawawezi kukaa wiki nzima bila choo. Wiki hiyo hiyo mpangaji mmoja anahamishwa kikazi, anakuja kwa adabu kabisa: "Mama, naomba unirudishie miezi yangu mitatu." Ni 240,000. Ukiangalia, hela yote iko kwenye rafu, imegeuka madera na mafuta ya kupaka. Hapo unauza kwa hasara au unakimbilia mikopo ya kausha damu. Yaani una nyumba, una duka, una wapangaji waliolipa, na bado unakopa kwa riba ya wiki. Shida hapo siyo wapangaji na siyo duka, ni kwamba umetumia hela ya miezi ambayo haijafika.

Haya, tupige hesabu ya mwaka mzima, maana hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Vyumba vinne kwa 80,000 ni 320,000 kwa mwezi, sawa na 3,840,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba mtu anaiona kichwani wakati anajenga. Sasa toa.

Chumba kukaa tupu. Mpangaji akitoka leo hapatikani mwingine leo. Kuna kupaka rangi, kuna madalali kuzungusha watu. Weka mwezi mmoja kwa kila chumba kwa mwaka, 320,000 imeondoka. Unabaki na 3,520,000.

Matengenezo. Kitasa, koki, soketi iliyoungua, bati linalovuja, rangi. Mimi nashauri utenge kodi ya mwezi mmoja kwa kila chumba kwa mwaka, 320,000 nyingine. Mwaka wa kwanza utaona nimezidisha, mwaka wa nne hutasema hivyo. Gari la majitaka mara mbili kwa mwaka tuweke 200,000, ingawa shimo dogo kwenye eneo la maji juu linaweza kukula zaidi ya hapo wakati wa masika.

Halafu serikali. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ya chini ni 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kwenye LUKU. Na kwenye pango lenyewe kuna asilimia 10. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakukata mwenyewe na kuipeleka TRA, kwa wapangaji wa kawaida itenge wewe ukamalizane nao. Kwa mfano wetu ni 352,000.

Unabaki na 2,630,000. Gawa kwa 12 unapata kama 219,000 kwa mwezi, siyo 320,000. Kama vyumba vilikula 24,000,000 bila kiwanja, ulidhani vitarudisha hela kwa miaka sita na kitu, kumbe ni miaka tisa. Bado siyo biashara mbaya. Vyumba haviexpaya na havikopwi na majirani. Ila usije ukanyonya mtaji wa duka kwa namba ya kwanza ukidhani ndiyo ya kweli. Na mwenye banda lililoishia kwenye lenta miaka mitatu, hiyo hela haipo dukani wala haijaanza kuingiza kodi. Ni afadhali vyumba viwili vilivyoisha vikapata watu kuliko vinne visivyo na bati.

Sasa hela ya miezi sita tunaifanyaje? Fungua laini nyingine au akaunti nyingine, iwe ya nyumba tu. Isiwe ile unayolipiwa na wateja wa duka, kwa sababu hela zikichanganyika hakuna nidhamu itakayozitenganisha. Kodi yote ikiingia inaenda huko. Kila mwisho wa mwezi unajilipa 55,000 kwa kila chumba chenye mtu, na 25,000 inabaki humo humo. 55,000 imetoka kwenye ile hesabu ya juu, ndiyo sehemu yako halisi. Hiyo peleka dukani, lipa ada, kula nyama, hakuna wa kukuuliza. Ile 25,000 ndiyo choo, rangi, TRA na mwezi ambao chumba kitakaa tupu. Na mpangaji akiomba kutoka mwezi wa tatu, miezi yake iliyobaki utaikuta pale pale.

Kuhusu huyo anayetoka mapema, andikeni kabla hajaingiza kitanda. Je, anarudishiwa yote? Anatoa taarifa ya mwezi mmoja? Anarudishiwa ukishapata mpangaji mwingine? Mimi napenda hiyo ya taarifa ya mwezi mmoja na inayobaki arudishiwe, maana haimuumizi mtu. Mkichagua nyingine sawa, ila iwe kwenye karatasi, mmesaini wote wawili na mashahidi, na nakala moja abaki nayo. Ukishasema "tutaelewana tu," hamtaelewana.

Umeme nao uandikeni. Kama mita iko kwa jina lako na wapangaji ndio wananunua LUKU, ile 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa kwenye hela yao wakati nyumba ni yako. Warudishie kwenye kodi au kubalianeni mapema nani anabeba. Ni hela ndogo lakini imeleta maneno makubwa kwenye nyumba nyingi. Kama nyumba moja ina mita zaidi ya moja, beba namba za mita uende ofisi ya TRA ya karibu wahakikishe hukatwi mara mbili. Na mita moja kwa wapangaji wanne, mmoja ana friji na mwingine ana taa tu, hapo unatafuta ugomvi. Mita ndogo kwa kila chumba ni hela ya mara moja.

Mwisho, mpangaji aliyemaliza miezi sita na halipi. Usimng'olee mlango wala bati, na usimtolee vitu nje. Ukivunja, wewe mwenye haki unageuka mshtakiwa, na godoro lake lililolowa mvua utalilipa. Mpe barua yenye tarehe, mkae serikali ya mtaa, ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mkataba wako mkononi. Inachukua muda, ndiyo maana ile 25,000 ipo.

Wenye vyumba tayari, andikeni kwenye komenti kodi ya chumba kimoja na miezi mingapi kilikaa tupu mwaka huu, tupige hesabu yako hapa hapa. Walioko kwenye msingi, andikeni mmefikia kozi ya ngapi.