Mwakilishi si Mwenye: Lugha ya Ardhi ya Jamii kutoka Nyeri hadi Laikipia

Utangulizi
Makala hii inachunguza maneno matatu, yaani mwenye, msimamizi na mwakilishi, jinsi yanavyotumika katika masuala ya ardhi pande za Mlima Kenya. Hoja yetu ni kwamba maneno haya yakichanganywa, jamii inaweza kupokonywa ardhi ambayo sheria imekwisha kukiri kuwa ni yake.

Usuli
Huku Nyeri, ardhi ya Wagikuyu ilikuwa mali ya mbari, na mwangalizi wake aliitwa muramati. Huyu alikuwa mtunzaji, hakuwa mwenye. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliharakisha kuunganishwa kwa vipande vya ardhi na kuandikishwa kwa kila shamba kwa jina la mtu binafsi, aghalabu mwanamume. Mbari ikabaki bila nafasi katika hati.

Kaskazini ya Nanyuki, katika nyanda za wafugaji za Laikipia kama vile Il Ngwesi, njia ilikuwa nyingine. Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi) ya mwaka 1968 iliruhusu kikundi kuchagua wawakilishi wasiopungua 3 wala kuzidi 10. Wawakilishi hao walifanywa kuwa shirika lenye nafsi ya kisheria: liliweza kushtaki, kushtakiwa na kushika hati, na halikufa mwanachama mmoja alipofariki.

Tatizo la istilahi
Mwakilishi ni neno lenye asili moja na wakili, yaani mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Hata hivyo, hati iliandikwa kwa jina la wawakilishi. Aliyesoma hati pasipo kusoma sheria aliona majina yao tu, akadhani ndio wenye ardhi. Hapo ndipo uwakala ulipoweza kugeuka umiliki. Kule Kajiado, ranchi nyingi za vikundi zilipogawanywa, hasa kuanzia miaka ya 1980, malalamiko yalienea kwamba viongozi na jamaa zao walijitengea sehemu kubwa na nzuri zaidi.

Sheria ya mwaka 2016
Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ilifuta ile ya 1968. Sasa jamii yenyewe ndiyo inayosajiliwa. Watu wazima wote wa jamii ndio baraza. Baraza huchagua kamati ya usimamizi yenye wajumbe 7 hadi 15. Uamuzi wa kuitoa ardhi hauifungi jamii mpaka uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa. Wanawake, vijana na walemavu wana haki sawa.

Kisarufi, tunaweza kusema kwamba kiima cha sentensi kimebadilika. Zamani ilikuwa: "Wawakilishi wanashika ardhi kwa niaba ya kikundi." Sasa ni: "Jamii inamiliki ardhi, kamati inaisimamia." Lakini badiliko hilo lina nguvu ikiwa tu daftari la wanachama limekamilika. Mjane au kijana asiyeandikwa humo hahesabiwi katika hizo thuluthi mbili.

Wajibu wetu
Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkutanoni, mfasiri anayesema "ardhi ya kamati" badala ya "ardhi inayosimamiwa na kamati" amekwisha kuwanyang'anya wasikilizaji wake swali la kuuliza: je, nyinyi mmetupa hesabu yetu?

Hitimisho
Tunapendekeza wanafunzi wa tafsiri na isimu waandae faharasa fupi ya istilahi za ardhi ya jamii, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na kuijaribu mbele ya wazee, akina mama na vijana wanaohusika kabla ya kuichapisha. Kipimo chake kiwe kimoja: je, msikilizaji asiyejua Kiingereza ataweza kutaja nani mwenye, nani msimamizi, na uamuzi upi kamati haiwezi kuufanya peke yake?