Simulia kwa Kiswahili, Kibwagizo Kiache kwa Kiingereza

Wiki iliyopita, saa ya uji, nilipita karibu na bomba la maji nikawakuta watoto wa darasa la tatu wamejipanga foleni. Kila mmoja alimgusa bega aliye mbele yake na kutamka kwa sauti: “I am strong, but I am stopped by the wall!” Aliyeguswa akajibu: “I am strong, but I am bitten by the rat!” Mwingine akadakia ya paka, mwingine ya kamba. Mimi nafundisha darasa la tano na la sita. Hawa wa tatu sijawahi kuwafundisha hata kipindi kimoja. Waliyapata kwa kaka na dada zao nyumbani, wakayafanya mchezo. Nilisimama pale na madaftari mkononi mpaka kengele ikagongwa. Katika shule ya serikali kama yetu hapa Tanga, sentensi za namna hiyo huwatesa hata wanafunzi wa darasa la saba, na wengi huandika “stopped with the wall” kwa kuwa “na” ya Kiswahili inawavuta huko.

Walimu wenzangu wameniomba niwaandikie hatua za kufundisha sentensi hizi kwa hadithi. Nitaziandika, ila kwanza niseme la vitabu, maana ndiko hela za wazazi zinakopotelea.

Kuna muuza vitabu mmoja mjini aliyetuuzia seti ya hadithi za Ulaya, jalada linang’aa, pamoja na CD. “Mwalimu wangu, hizi ndizo wanazosoma wa inglishi midiamu,” akaniambia. Kamati ya shule ikalipa. Gundi iliachia kabla muhula haujaisha, na tulipomrudishia alisema watoto wetu hawajui kutunza vitabu. Gundi ningeisamehe. Nisichoweza kusamehe ni maandishi yenyewe: sentensi za mistari minne, godmother, spinning wheel, ball ambayo si mpira, yote katika ukurasa mmoja. Mtoto anapambana na kisa asichokijua, katika mji asiouona, kwa maneno asiyowahi kuyasikia. Mambo matatu magumu kwa pamoja, kisha tunasema hana kichwa cha lugha. Muuzaji wa vitabu vya watoto anapaswa kuvisoma kabla ya kuviuza.

Sasa hatua. Ya kwanza: chagua kisa ambacho mtoto anakijua au atakielewa mara moja kwa Kiswahili. Mimi nilichagua Goso. Wasiokijua, kimo katika Zanzibar Tales ya George Bateman, kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1901, cha hadithi alizosimuliwa na watu wa pwani yetu. Goso ni mwalimu anayefundisha watoto chini ya mti. Paa anapanda kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga Goso kichwani, anakufa. Wanafunzi wake wanaapa kumtafuta muuaji. Wanamkamata upepo wa kusi, wakidhani ndio uliotikisa mti. Kusi anajitetea: angekuwa na nguvu hivyo, ukuta ungemzuia? Wanauendea ukuta, ukuta unamtaja panya anayeutoboa. Panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng’ombe, na mnyororo unaendelea mpaka unamfikia paa mwenyewe, naye hana la kujitetea.

Niliulizwa na mwalimu mwenzangu kama si vibaya kuwasimulia watoto kifo cha mwalimu. Si vibaya. Watoto wangu walimhurumia Goso, wakawa na hamu ya kweli ya kumpata muuaji, na hamu hiyo ndiyo iliyowavusha sentensi zote ngumu. Ukimponya Goso, hadithi inakosa sababu ya kuendelea.

Hatua ya pili ndiyo nimeihangaikia miaka, na hapo naomba mnivumilie. Usimulie hadithi yote kwa Kiswahili, ila kibwagizo kiwe cha Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kimoja tu, na kisibadilike isipokuwa mahali pawili: tendo na mtendaji. Nilikitunga mwenyewe: “I am strong, but I am…” kisha stopped, bitten, eaten, tied, cut, burned, put out, drunk. Hebu yaangalieni hayo maneno. Zaidi ya nusu yake ni vitenzi visivyofuata kanuni, vile ambavyo tumezoea kuvibandika ukutani kwenye karatasi ya manila na kuwataka watoto wavikariri. Ndani ya Goso kila kimoja kina mwenyewe. Eaten ni ya panya, drunk ni ya maji. Mtoto akikwama huwaza kisa, na kisa humletea neno.

Wazo hili sikulipata chuoni. Bibi yangu alikuwa Mzigua wa Handeni. Alitutambia hadithi kwa Kiswahili kwa sababu sisi wajukuu wa mjini Kizigua hatukukijua, lakini ikifika zamu ya wimbo hakuutafsiri. Zimwi liliimba Kizigua, binti aliyefungiwa aliimba Kizigua, nasi tuliitikia Kizigua mpaka usingizi ukatuchukua. Mpaka leo nyimbo zile ninazo zote, na maana yake niliielewa kwa sababu nilijua nani anaimba na ana shida gani. Watambaji wetu walikuwa na ufundi wa kufundisha lugha miaka mingi kabla ya semina zetu. Simulizi liwe katika lugha ya msikilizaji, wimbo ubaki katika lugha yake.

Kwa hiyo naanza na “Paukwa!”, darasa linajibu “Pakawa!”, na tunaingia. Mara ya kwanza kibwagizo nakisema mimi, wao wanarudia. Nikifika kwa kamba nanyamaza. Nainua mkono tu. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko mnavyodhani; mwalimu anatamani kusaidia, na akisaidia ameharibu. Niliwahi kusubiri hivyo darasa zima likiniangalia, kisha kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari hakuwa ametamka Kiingereza mbele yangu, akasema taratibu, “I am cut by the knife.” Wenzake wakageuka wote. Sikumpigia makofi, maana ni mtoto wa haya; nilisema tu, “Tukienda kwa kisu?” na yeye ndiye aliyetupeleka mpaka kwa moto. Tangu siku hiyo ndiye Moto wetu, na hakubali mtu mwingine ashike nafasi hiyo. Sasa hivi ananidai hadithi nyingine kila Ijumaa.

Hatua ya tatu, punguza Kiswahili kidogo kidogo kila unaposimulia tena. Hatua ya nne, waandike. Picha, maswali ya ufahamu, kuigiza, hayo mnayajua.

Mkiniuliza kama hadithi za Ulaya tuziache, nasema hapana, tuzipange baada ya zetu. Baada ya Goso niliwapa The Old Woman and Her Pig, iliyomo katika English Fairy Tales ya Joseph Jacobs ya mwaka 1890. Bibi kizee ana nguruwe asiyetaka kuvuka kizuizi, anaomba msaada kwa mbwa, fimbo, moto, maji, ng’ombe, mchinjaji, kamba, panya na paka. Darasa lilipiga kelele moto ulipotajwa. Walikuwa wanakutana na ndugu zao! Na safari hii kitenzi kimegeuka: moto unaombwa uchome, maji yanaombwa yazime. Waliokwisha kusema “burned by the fire” waligeuza wenyewe bila mimi kuchora jedwali ubaoni. Kama mwongozo wowote wa walimu ungeziweka hadithi hizi mbili ukurasa mmoja, ningeununua kwa hela yangu.

Bateman ameandika majina ya Kiswahili kwa tahajia ya masikio ya Wamarekani, kwa mfano paka ni Paaka. Sahihisheni kabla ya kuwapa watoto. Kitabu chake kimetoka kwenye hakimiliki na kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Tovuti ya African Storybook nayo ina hadithi fupi za bure kwa Kiswahili na Kiingereza, na leseni yake inaruhusu kuchapisha. Steshenari ya mtaani inatosha. Nawaomba walimu wakuu, kabla ya kumlipa muuzaji wa majalada yanayong’aa, waulizeni watoto wa shule yenu ni hadithi gani zenye wimbo wanazosimuliwa nyumbani. Hawa watoto wakifika kidato cha kwanza watafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, na kibwagizo kimoja mnaweza kukitunga leo jioni.