Mwanya wa Kuzaliwa na Mwanya wa Maradhi: Fizi Zinapopungua Kati ya Meno

Mwanya wa kuzaliwa nao ni jambo la kusifiwa. Wazee wetu waliuhesabu miongoni mwa mapambo ya uso, na hadi leo mtu mwenye mwanya wa mbele hana sababu ya kumwendea tabibu kwa ajili hiyo. Makala haya yanahusu mwanya wa aina nyingine: ule ambao hukuwapo ulipokuwa kijana, ukajitokeza baada ya miaka 30 au 40 ya umri, kama kitundu cheusi cha pembetatu chini ya mahali meno mawili yanapogusana. Dagaa hunasa hapo, nyuzi za embe hunasa hapo, na mwenye kinywa hicho huanza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mahali hapo palikuwa na ncha ndogo ya ufizi iliyojaza nafasi kati ya jino na jino. Ncha hiyo haisimami kwa nguvu zake yenyewe; imeegemea mfupa wa taya ulio chini yake. Mfupa ukishuka, ufizi nao hushuka. Kwa hiyo anayekiona kitundu cheusi aelewe kwamba, mara nyingi, anachokitazama ni alama ya mfupa uliokwisha kuliwa.

Kinachoula ni maradhi ya fizi, na maradhi hayo huanza na ukoga, yaani ule utando laini wa vijidudu unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, ndani ya siku chache hadi wiki mbili huanza kuwa mgumu na kugeuka ugaga, ambao mswaki hauwezi tena kuung'oa. Ufizi ulio jirani huvimba, huwa mwekundu, na hutoa damu wakati wa kupiga mswaki. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu akiona damu huacha kusugua upande ule akidhani anaupumzisha, kumbe anaupa ukoga nafasi ya kuongezeka. Katika hatua hii mfupa bado haujaguswa, na ufizi unaweza kurudi katika hali yake kamili kwa usafi wa meno pekee. Hatua inayofuata haina njia rahisi ya kurudi nyuma.

Wapo wanaodhurika haraka kuliko wengine. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa ni mmoja wao, na maradhi ya fizi nayo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mvutaji wa sigara yumo katika hatari ya pekee, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa ya damu ya fizi. Hazitoi damu nyingi, naye hujiona mzima huku mfupa ukiendelea kushuka. Mama mjamzito huona fizi zake zikivimba kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Huyu hana haja ya kungoja hadi ajifungue: kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya 4 hadi 6 ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Kuna pia fizi zinazopungua bila maradhi, kwa mswaki mgumu unaokandamizwa kwa nguvu, au kwa kuchokoa kila baada ya mlo kwa njiti ya kiberiti, pini au mwiba.

Tiba ya kwanza ni kukwangua ugaga juu ya ufizi na chini yake. Tabibu wa meno hupima kwanza kina cha uwazi kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 ni mfuko unaohifadhi uchafu. Baada ya kusafisha, mgonjwa hutakiwa kurudi baada ya wiki 6 hadi 8 ili apimwe tena, kisha huendelea kuonwa kila baada ya miezi 3 au kadiri atakavyoelekezwa.

Hapa inafaa kueleza lalamiko ambalo husikika mara kwa mara mitaani: "Nilikwenda na meno yangu yamebanana, nikarudi yana matundu; wamenikwangua fizi." Anayelalamika hivyo hasemi uongo juu ya alichokiona. Kabla ya matibabu, uvimbe na ugaga viliziba nafasi zile. Uvimbe ukishuka na ugaga ukiondoka, upungufu uliokuwapo siku nyingi huonekana, na meno huweza kusisimka kwa maji baridi kwa wiki chache. Ni dalili kwamba ufizi umepona katika kimo kipya. Tabibu anapaswa kumweleza mgonjwa jambo hili kabla hajashika chombo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Je, ufizi ule utarudi? Jibu linategemea mfupa. Mwaka 1992 Dennis Tarnow na wenzake, nchini Marekani, walichunguza nafasi 288 za kati ya meno katika wagonjwa 30. Umbali kutoka mahali meno yanapogusana hadi kwenye mfupa ulipokuwa milimita 5 au chini, karibu nafasi zote zilikuwa zimejaa ufizi. Ulipofika milimita 6, zilizojaa zilikuwa asilimia 56. Ulipofika 7, asilimia 27. Milimita moja tu ndiyo inayotenganisha tumaini kubwa na tumaini dogo.

Ufizi uliopungua kidogo kwa sababu ya kuchokolewa vibaya unaweza kujijaza wenyewe jeraha likiachwa lipone. Uliopungua pamoja na mfupa hauoti tena kwa chumvi, majivu, mkaa uliosagwa wala dawa ya kusukutua inayotangazwa sokoni. Maji ya vuguvugu yenye chumvi hutuliza maumivu, lakini hayaondoi ugaga. Daktari anaweza kuongeza umbo la meno kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino ili kitundu kipungue, au kuyasogeza meno kwa waya. Upandikizaji wa ufizi ni kazi ya daktari bingwa, na kati ya meno matokeo yake hayatabiriki. Kabla ya mkazi wa Kidahwe kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi Dar es Salaam akitafuta upasuaji huo, aanze kwa tabibu wa meno wa hapa mkoani. Njia ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha kupata rufaa, ikibidi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni.

Nyumbani, mswaki laini na dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku vinatosha kwa nyuso za meno. Mswaki wa mti nao unafaa ukitafunwa ukalainika. Vyote viwili havifiki kati ya meno. Huko panahitaji uzi wa meno, au brashi ndogo ya katikati ya meno pale penye uwazi, iingie bila kulazimishwa, mara moja kabla ya kulala. Uzi wa kushonea hukata ufizi.

Neno la mwisho ni kwa walezi. Mtoto aliyedhoofu kwa lishe duni, au aliyetoka kuugua surua, akipata maumivu makali ya fizi, harufu nzito ya kinywa, na ncha za fizi zikaonekana kama zimeliwa na kufunikwa na utando wa kijivu, huo si ugonjwa wa kungoja. Ukitibiwa mapema kwa usafi na dawa za kuua vijidudu, hupona. Ukiachwa, unaweza kugeuka noma, maradhi yanayoweza kuharibu shavu na taya ndani ya siku chache, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mnamo Desemba 2023. (Jina hilo ni la Kigiriki, halihusiani na msemo wa vijana wetu.) Mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mlezi asizuiwe na hofu ya gharama, kwani watoto walio chini ya miaka 5 wamo katika makundi ya msamaha wa malipo.