Dondoo muhimu: Kioo cha tangi la samaki

Kwa wakazi wa Ras Kazone au Pangani, upepo wa bahari huacha chumvi kwenye kila kioo, na tangi la samaki halisalimiki. Usipulizie dawa ya vioo karibu nalo: nyingi zina amonia, na amonia ikiingia majini huua samaki. Anza kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi, bila kukandamiza, maana chembe za chumvi na mchanga hukwaruza. Doa sugu? Siki kidogo, uitie kwenye kitambaa ukiwa mbali na tangi. Taa na pampu zichomoe kwanza, mikono ikiwa mikavu. Pampu usisahau kuirudisha. Kitambaa kiwe cha tangi tu. Changu nimekishonea uzi mwekundu, kisiibwe na watu wa jikoni.