Madirisha Yamevunjwa na Wachache, Kidato Kizima Kinalipa

Mzazi wa Miasenyi ameniandikia. Madirisha ya bweni yalivunjwa usiku, waliovunja hawakujulikana, na kidato cha tatu chote kikatumwa nyumbani hadi kila mwanafunzi arudi na mzazi na shilingi 2,000. Usiku huo binti yake alikuwa amelazwa hospitalini Voi. Naye pia anadaiwa.

Mama, usilipe kwanza. Na zaidi ya yote, usitie sahihi.

Mtego uko kwenye fomu ambayo mzazi hupewa langoni. Imeandikwa kwamba mwanafunzi anakubali kuhusika na mzazi atagharamia uharibifu. Mzazi ameacha kibarua, amekopa nauli, anachotaka ni mtoto arudi darasani. Anasaini bila kusoma. Hapo mtoto asiye na kosa ameshakiri kwa maandishi. Kisha anaelekezwa atume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 kinasema shule ya umma haitozi malipo ya ziada bila idhini ya Waziri, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto hazuiwi kusoma kwa kukosa malipo hayo. Tena hakuna kupokea pesa bila risiti rasmi. Walimu wakuu wanaijua sheria hii vizuri. Wanategemea kwamba wewe huijui.

Adhabu ya pamoja haiishii kwenye pesa. Kuchapa darasa zima nako ni kosa la jinai: kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo, faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Na kifungu cha 47 cha Katiba kinadai hatua ya utawala iwe ya haki: binti yako aambiwe yeye amefanya nini, kisha asikizwe.

Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi yenyewe ina pengo. Inataka mwanafunzi na mzazi wasikizwe kabla ya mtoto kufukuzwa kabisa. Shule nazo zinaandika "akalete mzazi", mtoto anakaa nyumbani wiki mbili, na kwenye karatasi hajafukuzwa. Kuadhibu wote kwa kosa la wachache si jambo geni: mkoloni alikuwa na Sheria ya Adhabu ya Pamoja tangu 1909, akitoza jamii nzima kwa kosa la mmoja. Ni aibu kwamba Bunge huru halijaikataza adhabu hiyo shuleni kwa maneno ya wazi.

Mama, dai barua inayomtaja binti yako kwa jina na kueleza kosa lake. Ambatisha karatasi za hospitali, na upeleke nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa tume ya walimu, TSC. Wakinyamaza, Mahakama Kuu iko hapo Voi.