Uaminifu wa Mwajiriwa na Kuhama Kazi

Limeletwa swali katika darsa, nasi twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi: kijana aliyefanya kazi mahali panne kwa miaka mitano, je, ni wa kuaminiwa akija kuomba kazi ya dukani? Matajiri wengi wa miji yetu husema si wa kuaminiwa, wakamrudisha mlangoni. Sisi twaona hukumu hiyo haina msingi.

Tutazame kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri, hana mdhamini wala barua. Binti wa yule mzee akamshauri baba yake amwajiri kwa sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Mzee akamtajia muda: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake, wala hakutaka kumtaabisha. Musa naye akashurutisha kwamba muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili, asihesabiwe kuwa na kosa. Alipoutimiza akaondoka na ahali zake, na hakuna aliyemwita msaliti. Basi uaminifu ni kutimiza lililopatanwa; kukaa zaidi ni fadhila, na fadhila haidaiwi.

Ama yule aachaye funguo mezani akaenda zake bila kuaga, huyo amevunja ahadi, hata kama alikaa miaka kumi. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yataka notisi ya siku 28, kwa maandishi, kwa kazi ya mshahara wa mwezi. Nayo yamfunga tajiri kama imfungavyo mwajiriwa.

Lakini lawama kubwa twaiona iko kwa matajiri. Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Katika bandari ya Mombasa shehena zilichukuliwa miaka mingi na watu wa namna hiyo, waliitwa asubuhi, wakalipwa na kuachwa jioni. Matajiri walikuwa wakinung'unika kwamba watu hawa hufanya kazi siku chache kisha hawaonekani. Waonekane kwa nini, hali ya kuwa kesho yao hawakuahidiwa kitu? Ukaja mgomo wa 1939, kisha mgomo mkuu wa Januari 1947. Na katika miaka ya 1950 makampuni ya bandarini yakaanza kuwaingiza watu katika kazi ya mwezi.

Na leo wako wenye maduka wamwekao kijana kibarua mwaka mzima, kisha wakamdai uaminifu! Sheria hiyo hiyo yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa mwajiriwa wa mwezi, na aliyetimiza miezi 12 ana likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo. Mwenye kunyimwa haya akahama, hatuoni alaumiwe kwa lipi.

Kwa hivyo mwenye kuajiri asihesabu mahali. Na aulize: mlipatana muda gani? Notisi ulitoa? Hesabu ulimkabidhi nani? Aitake hati ya utumishi, ambayo tajiri hulazimika kumpa kila aliyemtumikia wiki nne au zaidi, yenye siku ya kuanza, siku ya kumaliza na aina ya kazi. Tabia ya mtu tajiri halazimishwi kuiandika. Hiyo na aendewe akaulizwe kwa mdomo.