Kuhisi, Kutambua au Kukisia? Istilahi za Ukubwa na Mkao wa Waraka katika Mashine za Fotokopi, kwa Mifano ya Tukuyu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi za tendo moja dogo: mashine ya fotokopi inapoamua, bila kuambiwa, kwamba waraka uliowekwa juu ya kioo chake ni wa A4 au A3, na kwamba umelazwa au umesimamishwa. Tendo hili humalizika kabla kifuniko hakijafungwa. Likikosewa, nakala hutoka imekatwa mguu, na aghalabu sahihi na mhuri huwa huko mguuni. Mwombaji wa kazi au wa nafasi ya masomo ambaye kivuli cha cheti chake hakina mhuri ni kama mtu asiye na cheti. Kwa hiyo suala la kulieleza tendo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka si la wanaistilahi peke yao.

Mifano yetu inahusu Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mji huu uko kando ya barabara ya Mbeya hadi Kyela, na mvua yake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo, kama tutakavyoona, si jambo la pembeni kwa chombo kinachotegemea mwanga. Pia, ni mji ambamo mwenye stesheneri na mteja wake mara nyingi wana Kinyakyusa kama lugha ya nyumbani, huku shughuli za vyeti na maombi zikiendeshwa kwa Kiswahili na maandishi ya kwenye mashine yakiwa ya Kiingereza. Pengo la istilahi katika mazingira ya namna hii huzibwa kwa kidole: anayejua huonyesha, asiyejua hutazama.

2.0 Kivuli na Kurudufu

Kwa dhana ya nakala yenyewe Kiswahili hakina upungufu. Kuna kurudufu, kitenzi ambacho undugu wake na maradufu uko wazi, na jozi yake kudurufu, ambamo konsonanti mbili zimebadilishana nafasi. Kuna fotokopi na kutoa kopi. Na kuna kivuli: matangazo ya kazi nchini Tanzania huagiza vivuli vya vyeti, au nakala kivuli.

Wapo watakaoliona neno kivuli kuwa sitiari ya mtaani tu. Sisi tunaliona kuwa ndilo lililo karibu zaidi na ukweli wa kifizikia. Chester Carlson alipopata nakala yake ya kwanza huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, bamba lililopakwa salfa lilichajiwa umeme, kisha likamulikwa kupitia kioo chenye maandishi. Palipofikiwa na mwanga chaji ilipotea. Palipozuiwa na wino chaji ilibaki, na hapo ndipo unga uliponata. Kilichochapwa, kwa hakika, kilikuwa kivuli cha maandishi. Mashine za kidijiti za leo husoma kwanza na kuandika baadaye kwa leza, lakini usomaji wake haujaacha msingi huo: mwanga hutumwa, na mashine hupambanua unaorudi na usiorudi. Kurudufu hakusemi lolote kuhusu mwanga.

3.0 Mashine Huamuaje?

Ukubwa wa karatasi ulikuwa suala tangu mwanzo. Xerox 914, iliyotangazwa mwaka 1959, ilipewa nambari hiyo kwa kuwa iliweza kunakili karatasi ya hadi inchi 9 kwa 14. Baadaye kiwango cha ISO 216 cha mwaka 1975 kikaweka msururu wa A, ambao uwiano wa pande zake ni 1 kwa 1.414, kiasi kwamba A3 (milimita 297 × 420) ikikunjwa katikati huwa A4 (210 × 297). Msururu huu umeirahisishia mashine kazi: badala ya kupima kila karatasi, huchagua moja kati ya chache inazozijua.

Hebu tuchukue mfano uliorahisishwa. Waraka umelinganishwa na pembe moja ya kioo. Chini ya kioo kuna vihisi vitatu; kila kimoja kina diodi inayotoa mwanga, aghalabu wa infraredi usioonekana kwa macho, na transista inayopokea mwanga unaorudi. Kihisi cha kwanza kiko milimita 250 kutoka pembe hiyo, kufuata urefu wa kioo. Cha pili kiko milimita 360 kufuata mstari huo huo. Cha tatu kiko milimita 260, kufuata upana. A3 hufunika vyote vitatu. A4 iliyolazwa kufuata urefu wa kioo hufunika cha kwanza tu. Ikisimamishwa, hufunika cha tatu tu. A5 haifuniki hata kimoja.

Usomaji huu hufanyika kifuniko kikiwa kinashuka. Swichi ndogo hufyatuka kinapofikia mwinamo fulani, na hapo vihisi huulizwa. Sababu ni kwamba upande wa ndani wa kifuniko ni mweupe: kikishafunga, hurudisha mwanga kama karatasi, na vihisi vyote vingesema A3. Kikiwa wazi, mwanga usiokutana na karatasi hupotea hewani. Ndiyo maana mtu anayeinua kifuniko kidogo tu na kupenyeza waraka mwingine huweza kupewa ukubwa wa waraka uliotangulia, akadhani mashine imeharibika.

Sasa tuweke juu ya kioo hicho karatasi ya fulskapu, inchi 8 kwa 13, yaani milimita 203 × 330. Karatasi hii ilitumika sana katika ofisi na shule za Afrika Mashariki kabla ya A4 kuenea, na bado imo katika majalada ya zamani. Ikilazwa, hufunika kihisi cha kwanza, haifikii cha pili wala cha tatu. Kwa mashine yetu, hiyo ni A4, na milimita 33 za mwisho hukatwa. Mashine nyingine huongezewa kihisi kwa ajili ya ukubwa huu. Palipokosekana, mtumiaji hana budi kuuchagua kwa mkono. Kitambulisho cha Taifa, kadi ya milimita 85.6 × 54, nacho hakifuniki kihisi chochote, sawa na A5, na sawa na kioo kitupu. Rejesta nene (za ubatizo, kwa mfano, katika wilaya ambayo Wamoravian walianzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891) huzuia kifuniko kufunga. Tukuyu nayo huongeza lake: asubuhi ya baridi, unyevu ukitanda juu ya kioo, mwanga hutawanyika kabla ya kurudi.

4.0 Kitenzi Kipi?

Vitenzi vinavyoweza kupendekezwa kwa tendo hili ni vingi, na tofauti zake si za mapambo. Kugundua tunakukataa moja kwa moja: hugunduliwa kilichofichika au kisichojulikana, ilhali mashine haiwezi kufikia jibu lisilokuwamo katika orodha yake. Kupima kunafaa pale tu ambapo kitambazi chenyewe huusoma upana wa waraka mstari mzima, kama baadhi ya mashine zifanyavyo. Vihisi vitatu havipimi chochote. Kutambua kuna hoja nzuri, kwa sababu mtu hutambua anachokijua tayari. Lakini aliyetambua hahesabiwi kuwa amekosea. "Ameitambua fulskapu kuwa A4" ni sentensi inayojipinga.

Tunapendekeza kuligawa tendo hili. Vihisi huhisi: hupokea mwanga au hukosa. Mashine hukisia: kutokana na majibu matatu ya ndiyo au hapana, hujaza sehemu yote ya waraka ambayo haikuiona. Tunafahamu kwamba kukadiria kungesikika rasmi zaidi, lakini hudokeza hesabu ya kiasi kinachoweza kuwa chochote. Hapa pana uchaguzi tu. Wengine watasema kukisia kunaishushia mashine hadhi. Hilo halitusumbui. Anayeambiwa kwamba mashine imetambua ukubwa hana sababu ya kuukagua. Anayeambiwa imekisia atautazama mguu wa nakala kabla ya kumkabidhi mteja. Kwa nomino, kihisi, kihisio na kitambuzi yote yanatumika. Kwa mgawanyo tulioufanya, kitambuzi hakifai, na kihisi ni kifupi kuliko kihisio.

5.0 Mkao

Neno nafasi lina kazi nyingi mno, kuanzia uwazi hadi cheo, na katika stesheneri huweza kumaanisha pambizo. Mkao ni bora, kwa kuwa hubeba mahali na mwelekeo kwa pamoja, na vitenzi kulaza na kusimamisha vinautimiza. Pembe ambayo waraka hulinganishwa nayo tunaiita pembe rejea.

Vihisi vitatu vina mipangilio minane ya majibu, na tumeona minne tu ikitumika. Iliyobaki ina habari pia: kihisi cha pili kikifunikwa na cha kwanza kikabaki wazi, basi waraka umeteleza kutoka pembe rejea, au una doa jeusi, labda picha, lililomeza mwanga mahali hapo. Mashine inaweza kusema kwamba haielewi, na huo ndio wakati ambao mtumiaji huhitaji ujumbe wa Kiswahili kuliko wakati mwingine wowote. Waraka uliokaa mshazari kidogo ni tatizo la aina nyingine, kwani hufunika vihisi vile vile ambavyo ungefunika ukiwa umenyooka.